Wingu Lililopita Nungwe

Shuleni, ng'ambo ya Ziwa
Jumapili, baada ya misa

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Baba naye shikamoo, maana najua ameketi karibu na Kabula anayekusomea, akijifanya hasikilizi. Kabula, mdogo wangu, soma taratibu, usiruke. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha. Ninyi je? Goti lako, Mayu, linaendeleaje? Barua yenu niliipata siku tuliyofunga shule. Niliisoma hata nikaijua kwa moyo: kwamba mtama mmeupanda mara ya pili na mchwa wameumaliza ardhini, na kwamba mvua isipofika upesi Baba atahamisha ng'ombe kwenda mbali, na Kabula ataacha shule aende naye kumpikia. Jambo hilo halikunitoka kichwani katika haya yote nitakayowasimulia.

Likizo ilikuwa fupi, isingetosha kufika nyumbani Didia na kurudi. Mwalimu wetu wa jiografia, Mzungu mpole, alikuwa amekodi mashua ya matanga apumzike na mkewe, wakatuchukua mimi na Kaijage, mwenzangu wa bwenini, kwa kuwa tulikuwa tumebaki peke yetu. Msifikiri ni mtumbwi. Ina chumba ndani, na vitanda vyembamba kama rafu za duka, na jiko dogo linaloning'inia ili sufuria isimwagike mashua ikiinama. Sikujua kwamba watu hukodi chombo kisichopeleka kitu popote. Nilimwuliza Kaijage tumebeba mzigo gani, akanijibu, "Mzigo ni wewe."

Nahodha alikuwa Mzee Bwire, Mjita aliyezaliwa ufukweni. Aliposikia natoka Shinyanga aliniuliza kama ni kweli kwetu tunaoga umande. Mwanzoni nilikaa na kitabu changu nikisoma ukurasa uleule, kwa kichefuchefu na kwa haya. Mke wa Mwalimu aliniuliza mambo mengi, nami nikajibu kila mara, "Ndiyo, Mama." Lakini Mayu, maji yale! Niliyaona mpaka mwisho wa macho, matamu, ya kunywa, hayana mwenyewe. Wenzangu waliporuka kuogelea, mimi niliikumbuka njia yako ya kisimani, nikaona vibaya kuyachezea.

Jumatano tulikuwa katika ghuba ya Nungwe, upande wa Geita. Tulikuwa tumeshuka kununua samaki, tukawakuta wachimbaji wa dhahabu waliokuja kutafuta kitoweo, na mmoja wao, mtu wa kwetu, alinisalimu kwa Kisukuma. Alasiri tulitweka tanga tena. Mzee Bwire aliniweka mbele ya mashua, akaniambia nikiona wingu jeusi likiinuka nimwonyeshe, kwani upepo wa wingu la namna ile hauombi ruhusa.

Nililiona. Lilitoka kaskazini magharibi, jeusi, tumbo limeshuka. Mkono ulianza kuinuka wenyewe, nikaurudisha. Mnajua Bibi alivyonichapa nilipokuwa mdogo kwa kulinyooshea wingu kidole, likageuka likaenda kunyesha kwa wengine. Na hili lilikuwa linaelekea huko mliko. Nikaikalia mikono yangu, nikanyamaza.

Upepo ulitupiga ubavuni. Mashua ililala, sufuria zikaruka, kofia ya mke wa Mwalimu ikaenda zake, na tanga likachanika kwa mlio kama wa bunduki. Mwalimu alishika kamba hata ngozi ya viganja ikatoka. Mimi niliukumbatia mlingoti nikisali Salamu Maria, na kila mara nikakwama katikati ya sala. Kisha mvua ikatupita kwa kishindo, maji yakatulia, na hakuna aliyeumia zaidi ya viganja vile. Msiogope.

Mzee Bwire akaja akasimama mbele yangu.

"Wingu uliliona?"

"Nililiona, Mzee."

"Mbona hukunionyesha?"

Nikasema kwamba kwetu wingu la mvua halinyooshewi kidole, na kwamba nyumbani mtama umekufa mara mbili.

Akasema, "Kidole umekificha, sawa. Na mdomo ulikuwa unauhifadhi kwa nini?"

Kaijage alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza Didia iko wapi, akafungua ramani iliyolowa, akaiweka dira juu yake kwa viganja vile vya damu, akavuta mstari kwa penseli. Akasema, "Kama halikumwagika lote njiani, limepita Geita, limekwenda kwa mama yako." Mayu, hapo ndipo nilipolia.

Kesho yake tulishona tanga ufukweni, mimi na Mzee Bwire. Kitambaa kilipungua, nikatoa ule mfuko wa amerikani ulionifungia karanga. Kwa hiyo sasa mfuko wako unatembea Ziwani, mweupe kuliko tanga lenyewe. Mzee aliukagua mshono wangu akasema si mbaya kwa mtu wa nchi kavu, akanipa sharti: nimpelekee habari. Ikiwa mvua ilifika, amenisamehe. Ikiwa haikufika, likizo ijayo niende kwao Majita nikamlimie mihogo.

Basi nijibuni upesi. Jumatano ile jioni, au usiku wake, mlisikia chochote juu ya bati la kanisa? Hata kama ilinyesha kidogo tu, ya kulaza vumbi, niambieni. Baba, nakuomba usiondoke na Kabula kabla jibu halijanifikia.

Msalimieni mjomba anayelala zizini, shangazi mfinyanzi na katekista aliyenifundisha herufi. Mimi ni wenu, ninayelitazama kila wingu linaloelekea huko,

Yohana Masanja

Bibi msimsalimie hivi hivi tu. Mkalisheni kwanza, kisha mwambieni kwamba kidole sikukinyoosha.