Kofia ya Harusi na Dereva wa Zamani

Baba Nassor, Allah akupe nuru huko uliko.

Nakuandikia nimekaa chumbani kwako, kwenye kile kiti chako kinacholia, na cherehani inashona ubavuni mwangu. Siwezi kutoka. Hata maji ya kunywa nimejiwekea hapa hapa, maana nahisi nikigeuza mgongo tu itasimama. Utasema, "Mama Nassor, umeanza." Ndiyo, nimeanza, na safari hii nina haki.

Mwanao anaoa Alkhamisi. Yule uliyesema atachagua mke mpaka meno yamdondoke, kapata msichana huko huko Sur anakofanya kazi. Na unajua kuwa mwanamme wa nyumba hii haoi bila ya kofia ya majani matatu, ile nakshi aliyoitoa mama yako Unguja kwa mkono wake. Marehemu baba yako aliivaa, na wewe ukaivaa siku uliyonioa. Macho ya mama yako yalipokwisha ndipo ulipoleta hii cherehani ya kudarizi, ukaifunga kwenye kompyuta, ukakaa na ile kofia kuukuu ukaichora jani kwa jani kwenye skrini. Nilikucheka. Nilisema kofia ya umeme si kofia. Ulipomaliza ya kwanza ukaja ukanivika mimi kichwani.

Tokea hapo tukagawana kazi. Kompyuta na vipimo vya vichwa vya watu, wewe. Nyuzi, kuunga na pasi, mimi. Hatukupata kugombana kwa hilo, na sisi kwa kugombana unatujua.

Sasa nikupe habari. Wiki iliyopita Zuwena alikuja kutoka Nizwa na wanawe kunisaidia mambo ya harusi. Binti yako ana moyo mzuri na mikono myepesi. Kataka kuchapisha kadi, akaiunga kompyuta yako na intaneti. Ile ile uliyoniusia isiungwe maisha. "Hii tuiache na ujinga wake," ulikuwa ukisema, "ikijua mambo mapya itatukataa." Mimi nilikuwa jikoni na vitunguu, sikumwona. Asubuhi naingia chumbani, skrini buluu tupu, imeandikwa inajisasisha, isizimwe. Nilikaa mbele yake kama mtu anayesubiri daktari atoke.

Ilipomaliza ilikuwa nzuri, imebadilika mpaka picha. Lakini cherehani haikuiona. Nabonyeza kushona, inaniambia hakuna kifaa. Nachomoa waya, nauchomeka, hakuna kifaa. Cherehani hii hapa naigusa kwa mkono wangu, taa inawaka, na yenyewe inashikilia kuwa hakuna.

Nilimkasirikia Zuwena, nisikufiche. Binti yako alilia. Akasema, "Mama, tununue kofia sokoni. Nassor atapiga kilemba juu, nani ataiona?" Nikamjibu kwa maneno yako, yale uliyonijibu na mimi nilipouliza swali hilo hilo zamani: "Kichwa kinajua." Akacheka na machozi yake usoni. Kisha akarudi Nizwa, watoto wana skuli.

Nikaupeleka waya kwa fundi sokoni. Akaugeuza ule waya mpana na kile kichwa kidogo ulichouungia ili uingie kwenye kompyuta, akanirudishia na Kiswahili chake cha kuokota. "Khalas, mama, basi. Hii ya zamani. Kompyuta haimtaki tena." Nikamuuliza inamtaka nani basi. Akasema inataka cherehani mpya. Nikamuuliza na hiyo mpya itaisoma nakshi yetu? Akainua mabega. Nikautia waya mkobani nikarudi nyumbani.

Ndipo nikakukumbuka ulivyokuwa ukihangaika nayo hivi hivi mwanzo. Nilikuuliza, huyo dereva wa kompyuta unayemtafuta kutwa anaendesha nini? Ulicheka mpaka ukavua miwani. "Haendeshi kitu," ukasema. "Ni mkalimani. Kompyuta inasema lake, cherehani inasema lake, yeye yuko katikati. Kama mimi baina yako na shangazi zangu." Na ilikuwa kweli. Mimi niliingia hapa Ibra sijui Kiarabu ila cha kusalia, na shangazi zako walikuwa hawajatoka hapa maisha yao, Kiswahili hawakijui. Nilikuwa nakaa nao na kikombe changu cha kahawa, roho juu, nautazama mdomo wako. Wao wanasema maneno marefu, wewe unanigeukia, "Wanasema karibu." Nilipokuja kukijua Kiarabu ndipo nilipofahamu kuwa walikuwa wakisema mchuzi wangu hauna chumvi.

Kwa hiyo nilijua kilichotokea. Kompyuta imeletewa mkalimani mpya, na huyo lugha ya waya wetu haijui. Nikamtafuta wa zamani. Ulikuwa umemweka kwenye flashi, na flashi umeifunga kwa uzi wa rangi ya halwa kwenye mguu wa cherehani, mahala ambapo hata Zuwena asingeweza kuipoteza.

Kwanza nikachomoa kile kisanduku cha intaneti ukutani, kompyuta isije ikanizidi ujanja. Kisha nikaingia kule ulikonionyesha, kwenye orodha ya vifaa, nikatafuta pembetatu ya njano. "Penye njano ndipo panapouma," ulikuwa ukisema. Nikapabonyeza. Ikataka kumtafuta dereva yenyewe, nikakataa, nikaiambia nachagua mimi. Ikaniletea wawili, mpya na wa zamani. Nikamgusa wa zamani, ikanitisha: huyu hapendekezwi, huenda kifaa kisifanye kazi. Mikono ilinitetemeka, Baba Nassor. Nilijiambia nikikosea hapa nimeiua kompyuta, na majani yako yote yamekwenda nayo, na wewe hupo nikuulize. Nikasema bismillahi, nikabonyeza ndiyo.

Pembetatu ikaondoka. Cherehani ikatoa ule mlio wake wa kuamka, na mimi nikainamia meza nikalia.

Nikatia kitambaa, nikafungua nakshi, ikaanza kushona. Nilikaa nayo kama nakaa na mgonjwa. Taa ikipepesa kidogo, moyo unanitoka. Ikinyamaza kubadilisha uzi, mimi naacha kupumua. Mkanda wa kofia ulipotoka niliupitisha viganjani, nikauona sawa sawa kabisa. Nikauunga na duara la juu, nikautia wanga, nikapiga pasi. Nilifurahi, wallahi, nikaizungusha mkononi nikisema mambo yamekwisha.

Intaneti nilikuwa bado nimeichomoa, na simu yangu unajua bila ya hiyo haipokei simu za watoto. Nassor kapiga kutoka Sur, kapiga tena, akampigia Zuwena, Zuwena naye hanipati. Jana adhuhuri namwona huyo mlangoni, na nguo zake za kazi, jasho linamtoka.

"Mama, mzima?"

"Mzima. Kaa hapo uvae kofia yako."

Akavaa. Ikamshuka mpaka kwenye nyusi, masikio yakaingia ndani.

Akaivua taratibu, akaishika kwa mikono yote miwili, akasema, "Mama, hii ya Baba."

Ndiyo, ni yako. Mara ya mwisho uliyoifungua nakshi ile ulikuwa unajishonea kofia ya Idi, na vipimo vikabaki vya kichwa chako. Mimi nimehangaika na waya, nimehangaika na dereva, nimehangaika na umeme, nikasahau kuwa kuna kichwa. Vipimo havikuwa kazi yangu. Na viganja vyangu visingeniambia kitu, maana miaka yote hiyo vimezoea kichwa kimoja tu.

Nassor akasema ataivaa vivyo hivyo, atatia kitambaa ndani na kilemba kitaficha. Alisema kwa kunionea huruma, nilimwona. Nikachukua uzi. Akainama mwenyewe akasema, "Najua, Mama. Kichwa kinajua." Nikamzungushia uzi kichwani nikampima, naye akatulia kama mtoto anayenyolewa.

Inayoshonwa sasa ni ya kwake. Nimeihifadhi kwa jina lake, mbali na yako, na yako sikuigusa. Vipimo nimebadilisha mimi, kwa mara ya kwanza, na nimevitazama mpaka macho yananiuma. Hofu haijaniacha. Leo imemkubali yule wa zamani, kesho sijui. Kompyuta hii itakufa siku moja, na ile flashi nayo, na sitakuwa na wa kumwita chumbani nikamwambia njoo utazame, pana njano tena.

Lakini jambo moja nimelifahamu jana, baada ya Nassor kuondoka. Mtu hatetemeki vile kwa kofia ya harusi. Kofia zimejaa sokoni, Zuwena hakusema uwongo. Mimi nilikuwa nakushonea wewe.

Naacha hapa, cherehani inataka uzi mwengine. Tuombee Alkhamisi ifike salama, na mimi nakuombea kila sala.

Kofia yako nimeitundika kwenye msumari wako nyuma ya mlango. Imekutosha.

Mkeo,
Mama Nassor