Siku Kumi na Moja kwa Baiskeli ya Baba

Jumatano, 12 Agosti

Tumefika. Naandika tena ili niamini: tumefika. Kilomita mia saba na sitini, siku kumi na moja, watu kumi na mmoja. Na mmoja wao ni mimi, fundi cherehani wa miaka arobaini na tatu, niliyekuwa nikihema kwa kupanda ngazi za benki!

Mimi ndiye mkia wa kundi. Mkia hampiti mtu. Anabeba pampu na sanduku la dawa, anaendesha nyuma ya aliye mwisho, basi. Siku zote hizi nafika wenzangu wameshaoga. Leo wa mwisho alikuwa Nesi, goti limemvimba, tukakipanda kilima polepole weee, mpaka nikasahau kama kuna juu.

Juu kuna jiwe la kilomita, barabara inaishia hapo. Nikawakuta wote tisa wamesimama na baiskeli zao. Hakuna aliyeligusa. Mwalimu, yule mstaafu anayetuongoza, akasema hakuna anayemaliza mpaka mkia umalize. Akaniambia, Fundi, gusa wewe kwanza.

Nikaligusa. Lilikuwa na joto la jua. Halafu nikageuka nyuma — jamani. Nchi nzima iko chini. Barabara yetu inaonekana kama uzi ulioanguka kwenye zulia, na juu ya ule uzi nimepita mimi, na makalio yangu haya. Nililia bila aibu. Sikujua kuwa dunia ni kubwa hivi, wala kwamba mtu anaweza kuipita kwa miguu yake mwenyewe huku anazungusha tu.

Nimempigia Mama. Imeita mpaka ikakata. Siku ya kumi na moja hapokei.

Alhamisi, 13 Agosti

Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisuta. Baiskeli si yangu. Ni ya Baba. Alikuwa fundi wa nyaya za simu, mji mzima aliuzunguka nayo. Tangu afariki, mwaka wa kumi na tisa huu, Mama ameitundika stoo kwenye ndoano na kila Ijumaa anaifuta kwa kitambaa. Niliiomba, nikanyimwa. Nikaomba tena, akasema nikiigusa nisimwite mama. Basi siku aliyokwenda kumwona shangazi nikaiteremsha, nikaacha kikaratasi mezani. Mtu mzima na akili zangu, naiba nyumbani.

Mdogo wangu ameandika leo. Mama hagombi, hasemi. Ijumaa iliyopita aliingia stoo na kitambaa chake kama kawaida, akafuta ndoano.

Nimeusoma ujumbe huo mara nne.

Kinachoninyima raha ni siti. Siti ya Baba, ile ya ngozi, ilipasuka siku ya nane. Nikawekewa ya plastiki. Ile yenyewe nimeifunga kwenye fulana yangu safi, nitamrudishia mkononi. Nitasema nini sijui.

Mchana tulifunga baiskeli kwa ajili ya basi: pedali zinatolewa, usukani unalazwa. Anayesimamia ni Mizani, fundi wetu. Jina amelipata kwa mizani yake ya kuning'iniza, haachi kitu bila kukipima. Mswaki wangu aliukata mpini! Siku ya pili ya safari alinivua keria, ile ya chuma nyuma ya siti, kilo mbili na robo, begi nikahamishia mgongoni. Tukaiacha njia panda kwa fundi viatu, akasema atanitunzia. Leo Mizani amejisifu tena, eti bila yeye ningeuburuta ule mzigo mpaka huku. Nikamshukuru. Kweli baiskeli iliruka baada ya pale.

Ijumaa, 14 Agosti

Ndani ya basi, mwandiko wote umekwenda upogo. Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi, dereva anasema tutafika saa kumi na moja jioni. Nikapiga hesabu. Saa kumi na moja! Kila saa moja inameza siku yangu moja.

Saa moja. Kilima cha jiwe kimekwisha kabla sijafungua biskuti.

Saa nne kasoro. Hapa ndipo siti ilipopasukia. Kumbe ni mahali pa kawaida kabisa, kuna kibanda na mbwa amelala.

Jirani yangu, bwana mmoja wa tai, ameamka akasema njia hii inachosha, hakuna cha kuona. Nikamwonyesha. Pale kwenye kalavati tulijikinga na mvua, watu kumi na mmoja tumebanana kama sindano kwenye pakiti. Pale Nesi alitapika. Kwenye ule mteremko Mwalimu aliimba kwa sauti mpaka ng'ombe wakageuka. Bwana akavuta begi lake karibu na akarudi kulala. Shauri yake. Mimi nimeganda dirishani, kila kona paja langu linaikumbuka.

Saa tisa na nusu. Tuta, basi likapunguza mwendo, na njia panda hii hapa! Fundi viatu ameipigilia keria yangu ukutani, viatu vilivyopigwa rangi vimepangwa juu yake, vinang'aa. Nikacheka peke yangu. Imepata kazi. Nikampungia mkono, hakuniona.

Saa kumi na moja kasoro. Stendi ile. Naacha.

Jumamosi, 15 Agosti

Jana usiku sikuweza kuandika.

Nilisukuma baiskeli kutoka stendi mpaka nyumbani, sikuipanda. Nikamkuta Mama mezani kwangu, anachambua vifungo, kila rangi kwenye kopo lake. Nguo tatu za wateja nilizoziacha amezikunja pindo zote, kwa mkono. Nikasalimia. Akainuka, akachukua kitambaa, akatoka nje. Ilikuwa Ijumaa.

Akaanza usukani. Akaja kwenye fremu, akaja magurudumu, spoku moja moja. Mimi nimesimama na fulana mikononi. Nikajikaza kisabuni nikasema, Mama, siti ya Baba ilipasuka, nisamehe. Nikaifungua.

Akaitazama. Akasema, itupe.

Neno lake la kwanza kwangu tangu niondoke. Akaongeza kwamba Baba aliichukia ile siti maisha yake yote, ilimchuna, na mto wake mmoja yeye Mama uliisha kwa kuwekwa pale juu. Nikaangua kicheko cha ahueni. Yeye hakucheka. Mkono wake na kitambaa ulikuwa umeshapita siti, umekwenda nyuma yake, na umebaki hewani.

Akauliza, keria iko wapi?

Nikaeleza. Mizani, kilo mbili na robo, vilima. Nilijisikia mwenyewe nikisema, tulipunguza uzito, Mama.

Akakaa kwenye kizingiti. Halafu akasema, siti ilikuwa yake. Mahali pangu palikuwa nyuma.

Miaka sita, kila asubuhi, Baba alimpeleka hospitalini alikokuwa akifua mashuka, na jioni akamrudisha. Mama alishika mkanda wa suruali yake. Alimhadithia mambo ya siku nzima kwenye mgongo, na mgongo ukajibu. Mimi mwenyewe alikwenda kunizaa akiwa amekaa pale, Baba anakanyaga huku anaomba Mungu kwa sauti. Yote haya sikuwahi kuyasikia. Miaka kumi na tisa nimemwona akiifuta ile baiskeli, na sikuwahi hata mara moja kutazama mkono wake unakaa wapi zaidi.

Nimepigwa na butwaa mpaka leo. Nchi nzima nimeiona kutoka kilimani, stoo ya nyumbani nilikuwa sijaiona. Na nimejionea haya kweli kweli.

Jumapili, 16 Agosti

Nimeamua kuifuata keria. Kilomita mia moja na thelathini, siku mbili. Ningeweza kwenda na basi nikarudi nayo leo leo. Lakini niliivua barabarani, nitaifunga kulekule. Nimeshatia spana mfukoni. Leo sina mkia wala kichwa, ni mimi tu.

Mama ametoka na viatu vya kufunga na begi lake dogo. Nikamwambia hana haja ya kuhangaika. Akasema yeye anatangulia na basi, atamkalia yule fundi viatu asije akaiuza, atanisubiri hapo.

Nikamuuliza, na kurudi?

Ana miaka sitini na minane. Vilima ni viwili, kimoja kibaya. Nimemwambia hivyo.

Ameinama kwenye gurudumu la nyuma, anabonyeza tairi kwa kidole gumba. Ananiita niache kuandika nilete pampu. Anasema huu si upepo wa watu wawili.