Jina Juu ya Mlango

Mlimani, Kitale
3 Machi 2024

Mwanangu Aron,

Shalom kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mgongo wangu ndio mtukutu, lakini nimeuzoea kama mtu anavyomzoea jirani msumbufu. Wewe je, unakula? Baridi ya Stockholm imekuachia masikio?

Darasa jipya limekwisha kujengwa. Madirisha yana vioo, na uji wa saa nne watoto sasa wanaunywa ndani badala ya kusimama mvuani. Wanaunywa wote, wa sinagogi letu, wa kanisani na wa msikitini. Nikiwa na mwiko mkononi simuulizi mtu anasali wapi. Mwalimu Bonaventure, Mkatoliki wetu, anatembea mle ndani kama mwenye nyumba.

Sasa sikiliza. Yule bibi wa Sundbyberg unayempelekea mkate wa Sabato, aliyewakusanya wenzake wa sinagogi la huko wakatujengea na kulipia uji, tumemwandika juu ya mlango. Rangi ya buluu, herufi kubwa mpaka mtu wa barabarani anasoma: DARASA LA BIBI ELSA. Nilipanda ngazi mwenyewe kumwonyesha fundi pa kuanzia. Picha nimeiweka humu ndani ya bahasha. Mpelekee, umwambie sisi si watu wa kula tukanyamaza.

Ni mimi shangazi yako,
Stellah

*

Rågsved, Stockholm
24 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Masikio ninayo yote mawili, na ninakula, ingawa viazi vya huku havina mwisho. Pole kwa mgongo. Usipande ngazi tena, nakuomba.

Sijui nianzie wapi. Nilimpelekea Bibi Elsa picha siku ya Alhamisi, pamoja na mkate. Aliitazama muda mrefu, kisha akailaza kifudifudi mezani na kunimiminia kahawa. Nikadhani hajaona vizuri, macho yake si mazuri. Kumbe ameona. Akasema, "Mwambie shangazi yako afute."

Nilimuuliza kuna kosa gani. Akasema majina ya watu wake yako ukutani tayari, inatosha. Shangazi, kando ya sinagogi la huku mjini kuna ukuta wenye majina ya Wayahudi waliouawa na Wanazi wakati wa vita, ndugu za wale waliosalimika wakaja Sweden. Nimepita naye pale mara nyingi. Husimama mahali pale pale, hugusa jiwe, kisha tunaendelea na safari. Kwake jina ukutani ni la mtu asiye na kaburi.

Tafadhali, pakeni rangi juu yake. Najua nakuvunja moyo.

Ni mwanao,
Aron

*

Mlimani, Kitale
16 Juni 2024

Aron,

Hatujambo. Natumaini nawe hujambo.

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua ya hasira ukishaituma huwezi kuifukuzia njiani. Huku kwetu mwanasiasa akileta mfuko mmoja wa simenti anaandikwa kwenye tangi, kwenye geti na kwenye mlango wa choo. Mama wa watu anajenga darasa zima, analisha watoto, halafu tumfiche kama mwizi!

Nimepaka chokaa. Jina halionekani. Mwambie hivyo.

Lakini mwambie na hili. Mtu akikupa, halafu akakataa umshukuru, ule mzigo anakuachia wewe. Kila nikikoroga uji namkumbuka, na sina pa kuipeleka hiyo asante. Nimeumia, Aron, siwezi kukuficha. Muulize basi, anataka nini kutoka kwetu? Hakuna mtu asiyetaka kitu.

Shangazi yako,
Stellah

*

Rågsved
11 Agosti 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata ukiwa umekasirika. Mimi mzima. Bibi Elsa ndiye aliyeanguka jikoni kwake mwezi uliopita. Sasa yuko kwenye nyumba ya wazee, kitandani karibu muda wote. Sisi vijana wa jumuiya tunapokezana kumtembelea, na zamu ya Alhamisi sijamwachia mtu.

Nilimsomea barua yako. Nilitafsiri kwa Kiswidi changu cha kujikwaa, hata simenti na mlango wa choo. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaanza kunisimulia habari za Hanna.

Hanna alikuwa mdogo wake, huko Hungaria walikozaliwa. Alikuwa na miaka sita, anangojea Septemba aanze shule. Mama yao alikuwa amekwisha kumshonea mfuko wa vitabu kutoka kwenye koti kuukuu la baba. Wakati wa kungoja walikuwa wakicheza shule sebuleni. Elsa ndiye mwalimu, anaita majina ya wanasesere, na Hanna anajibu kwa niaba ya kila mmoja, kwa sauti tofauti. Masika hayo askari wakaja kuwachukua. Elsa alifichwa na jirani. Jirani alikuwa na nafasi ya mtoto mmoja.

"Hakuwahi kuitwa darasani," aliniambia. Ndiyo sababu amekuwa akisomesha watoto wa watu maisha yake yote, hapa Stockholm na huko kwetu.

Sikumuuliza anataka nini. Niliona haya. Lakini daktari amesema hana muda mrefu, na nisingependa aondoke ninyi wawili mkiwa hivi. Wewe ukijua la kufanya, niambie.

Mwanao anayekupenda,
Aron

*

Mlimani, Kitale
8 Septemba 2024

Mwanangu Aron,

Shalom, na shalom nyingine umpelekee mgonjwa wetu. Barua yako niliisoma nikiwa jikoni na uji ukaungua. Watoto waliunywa hivyo hivyo, bila shukrani.

Nilikwenda kwa Mwalimu Bonaventure nikamwambia, asubuhi ukiita majina ya darasa la kwanza, mwisho kabisa umwite Hanna. Akasema, "Mama Stellah, siwezi kumwita mtoto ambaye hayupo." Nikamwambia, wewe kila mwaka kanisani kwenu mnaita watakatifu mmoja mmoja, na hujawahi kuona hata mmoja akiinua mkono. Akacheka, akakubali. Kwenye rejista hatukumwandika, wakaguzi wasije wakatudai cheti cha kuzaliwa.

Siku ya kwanza Hajara wa dawati la mbele aligeuka kumtafuta huyo mgeni. Mwalimu akawaeleza: kuna msichana alikuwa akiwajibia wanasesere wake wote, sasa sisi tutamjibia yeye. Watoto hawakuuliza zaidi. Wanalipenda hilo jina la mwisho kuliko yao wenyewe, wanalingojea.

Mwalimu amerekodi kwa simu yake, atakutumia leo. Hakuna kitu ukutani. Mwambie.

Shangazi yako,
Stellah

*

Rågsved
1 Desemba 2024

Shangazi mpendwa,

Natumaini mgongo umetulia na wote nyumbani hamjambo. Nisamehe kwa kuchelewa.

Nilimwekea simu karibu na sikio. Mwalimu anaita, watoto wanaitikia, yeye haelewi neno lakini anajua wanachofanya. Lilipoitwa jina la Hanna na darasa zima likapaza sauti, "Yupo!", alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa chepesi mno. Alitaka nimrudishie, na kila Alhamisi iliyofuata alitaka tena kabla hata ya kuonja mkate.

Mara ya mwisho akasema, "Mwambie Stellah amekwisha kushukuru."

Alifariki wiki iliyopita, usingizini. Tulimzika na kumsomea sala. Hakuacha mtoto, kwa hiyo walioshika koleo kumfukia ni sisi wa zamu. Nililia, Shangazi, mbele ya watu wote.

Mwanao,
Aron

*

Mlimani, Kitale
4 Mei 2025

Mwanangu,

Sisi wazima, na huzuni tumeizoea kidogo. Nawe pole, bado nakupa pole.

Mvua mwaka huu imekuja na upepo, ikaosha chokaa juu ya mlango. Jumatatu nimefika nikaliona jina, buluu kabisa, BIBI ELSA, kama limepakwa jana. Walimu wakasema tuliache, mwenyewe hayupo tena wa kukataa, na mimi niliyelitaka kuliko wote nikasimama pale nikilitazama. Lilikuwa limependeza, Aron.

Nimechukua ndoo na brashi nikapanda ngazi. Usinigombeze. Nilikuwa naifikia herufi ya mwisho niliposikia chini yangu Mwalimu Bonaventure akiita majina. Nikangoja, brashi mkononi, chokaa ikinidondokea kiatuni. Alipomwita Hanna watoto wakajibu, nami kule juu ya ngazi nikajibu pamoja nao.

Shangazi yako,
Stellah