Ardhi Haichapi Mistari

Sista Tusekile,

Mwandiko wangu mbaya, niliishia darasa la tano. Lakini wewe ulizoea kusoma miandiko ya madaktari, utanivumilia. Nimekaa juu ya gunia la mpunga nje ya mashine ya kukoboa hapa Mbugani. Wenzangu wamekwenda kula. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu tukuzike.

Nianze na habari za Skola, maana ndizo ungeuliza kwanza. Mkono umeunga. Umepinda kidogo juu ya kiganja, kama ulivyoniambia, ila anaandika nao na kuteka maji anateka. Yuko shule. Simpeleki tena kufukuza ndege shambani. Na yule jogoo bado yupo. Skola amegoma asichinjwe, amempa jina la Nesi. Kila alfajiri Nesi ananiamsha, nami nakukumbuka, halafu nashindwa kulala tena.

Unakumbuka tulivyokuja kwako zahanati? Nilimpakia kwenye baiskeli ya kuazima kutoka mashamba ya Ndandalo, mkono umevimba, analia bila sauti. Njia nzima nilikuwa namfundisha. Ukiulizwa, sema nimeanguka. Akaniuliza, "Nimeanguka wapi, baba?" Nikamwambia kwenye tuta la jaruba la mpunga. Akarudiarudia mpaka tukafika, kama anayekariri jedwali la kuzidisha.

Wewe hukuuliza kitu. Ulimpa dawa ya maumivu, ukaufunga mkono kwa kipande cha boksi na bandeji. Ndipo ukamgeuza taratibu, ukafunua gauni mgongoni. Ukaangalia ile mistari minne. Ukaniangalia mimi. "Baba Skola," ukasema, "ardhi haichapi mistari."

Ukaniambia nikasubiri nje. Nilikaa kwenye benchi nikiomba mwanangu akumbuke somo lake. Alikumbuka. Baadaye uliniambia alivyokujibu: "Baba amesema niseme nimeanguka." Hakunisaliti, Sista. Alinitii tu, neno kwa neno, na utii wake ndio uliotufungua wote.

Nilikusihi uandike kwenye daftari kwamba ameanguka. Nilikueleza kwamba aliyempiga ni Zeno, kaka yangu wa tumbo moja, aliyenitoa Sumbawanga akanileta huku. Yeye ndiye nyapara wa shamba, kibarua changu kiko mikononi mwake na godoro ninalolalia ni lake. Mama yake Skola aliolewa kwingine, hatuna mtu mwingine huku. Mtoto alisinzia, ndege wakashuka kwenye mpunga, Zeno akashika mpini wa jembe. Hasira tu, nikasema. Ukanijibu, "Kalamu hii ni ya serikali, mkono huu ni wangu. Vyote viwili vimekataa." Ukasema sheria inamtaka nesi akiona mtoto ameumizwa atoe taarifa, haimuulizi kama baba ameridhika. Halafu ukashusha sauti: "Nikinyamaza, na mimi nimempiga."

Kesho yake nikaja nyumbani kwako na jogoo. Kwetu ukimwendea mkubwa na kuku, neno linaisha. Nilidhani ni hivyo duniani kote. Ulitoka na kanga yako, ukamtazama jogoo, ukacheka mpaka majirani wakachungulia. "Huyu ndiye wakili wako? Mbona amefungwa miguu?" Kisha ukaacha kucheka. Ukaniambia nikamchinjie mtoto, anywe supu mfupa uunge. Tayari ulikuwa umeshampigia simu afisa ustawi wa jamii.

Nilikuchukia. Acha niseme wazi. Zeno alikamatwa, akatoka kwa dhamana, akahamia Katumba Songwe. Mimi nikaambiwa mtoto asilale tena nyumba moja naye. Kibarua kikafa, nikaja huku kubeba magunia, mgongo unajua. Kila tulipokutana njiani uliniita kwa salamu ya kwenu, "Mwaghonile, Baba Skola!" Nami nikageuza shingo kama sijasikia. Siku ya pili unaita tena, kwa sauti ileile. Sijui ulipata wapi moyo wa kumsalimia mtu asiyeitika.

Sasa naitika, na hunisikii.

Waliniambia ni presha, kwamba ulianguka ukiwa zamu. Nilipolisikia neno hilo, ulianguka, nikalikumbuka lile tuta la jaruba.

Nilikuja msibani kwenu, kule karibu na ziwa. Nikachukua koleo nikaingia na wachimbaji. Ardhi ya kule ni mchanga, kabla hatujafika kina maji yakaanza kuchungulia, ikabidi tuyachote kwa ndoo. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe ni nani wa marehemu?" Nikasema alimtibu mwanangu. Akanipa ndoo.

Tulipomaliza nikakaa juu ya majani ya migomba pamoja na wanaume. Zeno akaja na bodaboda. Akatoa pole, akakaa karibu yangu, akaninong'oneza: "Mdogo wangu, shahidi amekwenda. Mungu mwenyewe ameifunga kesi. Tuchinje mbuzi, tumalize kiukoo." Tangu siku ile wazee wa nyumbani wananipigia simu kila jioni. Wanasema damu haishtaki damu. Wanauliza nitazikwa na nani.

Nilimwambia Skola kwamba umefariki. Hakulia papo hapo. Aliushika mkono wake ule, akauliza, "Sasa nani atasema?"

Kesi iko Alhamisi. Daftari lako lipo, limeandikwa mkono wako. Lakini mwendesha mashtaka ameniambia upande wa pili utadai daftari halikuona mpini. Ni kweli. Wewe uliona mistari tu.

Sista, kuna jambo sikukwambia. Polisi nilisema sikuwepo, nilikuwa nafunga magunia barabarani. Hata wewe nilikwambia hivyo. Nilikuwepo. Nilikuwa hatua kumi, nimeshika mundu, natazama. Skola aliita "baba" mara mbili. Sikusogea. Nilifikiria kibarua, nikafikiria godoro, nikamwacha mwanangu apigwe mpaka kaka alipochoka. Labda ulijua. Labda ndiyo sababu hukuacha kunisalimia.

Skola anajua nilikuwepo. Hajawahi kulisema, kwa kuwa sijamfundisha aliseme.

Ulifanya sehemu yako, na ilikuwa sehemu ya mtu asiye ndugu yetu. Iliyobaki ni yangu. Alhamisi nitafua shati, nitampeleka Skola shule kwanza, kisha nitatembea mpaka mahakamani. Wakiniuliza nitasema: hakuanguka, alipigwa na kaka yangu Zeno, na mimi baba yake nilikuwepo. Wakinifunga kwa ule uongo wa polisi, wanifunge. Wazee wakikataa kunizika, huku kwenu nimeona hata mgeni hupewa ndoo.

Wenzangu wanarudi, magunia yananingoja. Lala, Sista. Ndaga, kama msemavyo huku mkishukuru, ndaga sana, na nisamehe zile salamu zote nisizoitika.

Jogoo nitamwacha nyumbani.

Baba Skola