Mlio Kila Nikikata Kona

Kasongo, Alhamisi

...na nilikuwa nimekwisha kumwambia shangazi aende Kabambare kwenye ubatizo wa mjukuu wake kwa pikipiki, kwa umri wake! Kila nilipokata kona gari lilitoa mlio wa kugonga, nami nikahitimisha kwamba kardani, ule mhimili unaozungusha magurudumu, imekufa.

Leo fundi Sefu alitembea kando ya gari nikizunguka uwanjani, kiganja chake juu ya mlango. Akacheka.

"Mwalimu, kardani iko muzima. Ni jiwe yako ya kuzuia tairi ku mulima, inabingirika nyuma ya kiti."

Nimelitoa, mlio umekoma. Ingawa sina hakika kama nilisikiliza vya kutosha baada ya kulitoa.

Nimemwarifu shangazi kwamba kesho nitampeleka mwenyewe.

"Kaske ya pikipiki, ile ya kukinga kichwa, nilishaazima," akajibu. "Nitaivaa mu gari yako."