Sentimita Nne za Fundi Elirehema

Jumamosi jioni

Namshuku huyu fundi. Bomba la maji la Bibi linakwepa jiwe kwa kona mbili za nyuzi 45, linahama sentimita 40 pembeni. Nimezidisha kwa 1.414, nikapata kipande cha mshazari cha karibu 57. Fundi Elirehema kakata 53, bila hata kuandika!

Nikajikaza. "Shikamoo fundi. Si zimepungua nne?"

"Marahaba. Kwani elbo zenyewe za kona hazina urefu, mwalimu?" Akacheka. Bomba likaingia sawasawa. Aibu!

Lakini gundi hakuisubiri ikauke, akafungulia maji. Alipoondoka nikamwaga jivu kavu chini ya elbo. Nimetoka kuliangalia sasa hivi. Limelowa.

Na Bibi, ambaye magoti hayamruhusu tena kushuka mtoni, ameshagawa ndoo zake zote.

Kesho baada ya ibada nitamfuata fundi. Sitaanza na hesabu.