Kabati ya Vitre kwa Nyumba ya Katekista

Nyabiondo, tarehe 6 Februari 2022

Mutoto wangu Sidonie,

Amani ya Bwana ikae nawe huko Walikale. Sisi huku tunapumua. Mama yako Colette goti linamusumbua asubuhi kukiwa na baridi, lakini shamba haachi. Maharagwe imeanza kutoa maua. Wewe na wanafunzi wako muko namna gani? Kifua iliisha?

Nina kazi ya kukupa. Nimesikia kuko muzee huko anauza kabati za vitre za zamani, zile za milango ya kioo zilizotoka mu nyumba za Wazungu wa kampuni. Nataka moja kwa salon yetu, mule tunapokea wageni. Isiwe ya sasa, mbao zao ni laini, mchwa wanazimaliza kwa miaka mbili. Chagua ya zamani, yenye ufunguo. Rafu iwe na upana kutoka kiwiko changu mpaka vidole. Na muntu akisimama mulangoni, aone yote iliyo ndani. Mbuzi nimekwisha kuuza, usiogope bei.

Papa yako,
Byamungu


Walikale, tarehe 19 Februari 2022

Papa yangu,

Barua yako ilinifikia kwa mukono wa Trésor wa pikipiki, na matope yake, lakini inasomeka. Niko muzima, kifua iliisha. Mama pole ya goti. Namutumia dawa ya kupaka.

Papa, nimechanganyikiwa kidogo. Kabati ya vitre, sisi? Mama iko na sahani sita na vikombe vine, kimoja hakina mukono. Lakini nilienda kwa Papa Polycarpe, njo yule muzee uliyesikia habari yake. Alinifundisha kuchagua. Unagonga mbao na kidole. Ikilia kama kitu tupu, mchwa wako ndani. Unaangalia mugongo wa kabati. Kama ni triplex, ubao mwembamba wa kubandikwa, basi walibadilisha. Vitre unaitazama ukiwa pembeni. Kama vitu vya nyuma yake vinacheza kama viko mu maji, hiyo ni vitre ya zamani ya kweli.

Iko na tatu. Ya kwanza ni ya mbao ya muvula, inanipita urefu, vitre zake zimechorwa maua. Ya pili iko na kioo cha kujitazamia nyuma ya rafu, kikombe kimoja kinaonekana viwili. Ya tatu ni nyeusi, nzito, haina urembo wowote, milango mbili na kufuli ya shaba, na juu yake muntu aliacha pasi ya makaa ikachoma mbao. Mimi napenda ya pili. Mama akipanga sahani zake pale, majirani watakuja kuangalia tu.

Mutoto wako,
Sidonie


Nyabiondo, tarehe 2 Machi 2022

Sidonie mutoto wangu,

Tunakusalimia sana. Dawa ilifika, goti inapata nafuu.

Ile ya maua hapana, maua yatafunika. Ya kioo pia hapana: muntu akikuja ataona sura yake, ataacha kuangalia iliyo ndani. Hiyo nyeusi nataka kujua zaidi. Ufunguo ziko ngapi? Lazima ziwe mbili, kwa sababu moja haitakaa kwangu. Rafu zake zinaweza kubeba kitu kizito? Sahani za mama yako usizifikirie, hazitaingia mule.

Na barua zako uzifunge na gundi. Trésor ni kijana muzuri, lakini barabara iko na macho mengi.

Papa yako,
Byamungu


Walikale, tarehe 15 Machi 2022

Papa,

Nawasalimia wote wawili. Mimi mwili iko sawa, kichwa njo haiko sawa.

Barua yako nimeisoma mara tatu na sielewi. Kabati ambamo sahani haiingii. Ufunguo ambao mwenye nyumba hataushika. Trésor sikumuuliza kitu. Yeye mwenyewe njo alianza. Anasema tangu Noeli umekataza watu kuingia mu chumba ya nyuma, kwamba wanaume wawili waligombana kwa mulango yetu, na mmoja alikuita mwizi. Alikuwa anaangalia chini wakati anasema. Mimi nafundisha watoto, Papa, muntu anayedanganya namutambua, na Trésor hakudanganya.

Kuko nini mu chumba ya nyuma? Kama ni kitu ya muntu, rudisha. Kama si kweli, uniambie, nami nitajua cha kumujibu Trésor. Lakini sitachagua kabati bila kujua itafunga nini. Usinikasirikie.

Mutoto wako,
Sidonie


Nyabiondo, tarehe 24 Aprili 2022

Mutoto wangu,

Nakusalimia na aibu kidogo, kwa sababu umengoja zaidi ya wiki tano. Mara mbili niliandika, mara mbili nikapasua. Hii inakuja na mwalimu Séraphin anayekuja mukutano huko, yeye namuamini.

Mu chumba ya nyuma kuko vitabu vine vya ubatizo vya chapelle, kanisa yetu ndogo, vyenye majina ya waliobatizwa kuanzia mwaka wa 1957. Tulipokimbia vita, wewe ukiwa na miaka mbili, mimi katekista nilivibeba mu mufuko ya unga mpaka mu pori ya Walikale, na nilivirudisha. Chapelle paa yake inavuja hata leo, basi vikabaki kwangu. Miaka yote hakuna aliyeviuliza. Sasa kila anayegombania shamba anataka kuonyesha babu yake alibatizwa hapa. Hawa wanasema nimefuta majina yao. Wale wanasema nimeongeza majina ya wageni. Kanyamibwa, jirani yetu wa juu, tuliyelima naye bega kwa bega, yeye njo aliniita mwizi. Na panya wameanza kula pembe za vitabu.

Nilisema nivipeleke parokia. Pande zote mbili wakakataa: vikitoka havitarudi. Njo nikawaza vitre. Kila muntu apite, aone viko na havijaguswa. Ufunguo moja kwangu, ingine kwa Kanyamibwa. Sijui kama hii ni akili ao ni ujinga. Ninazunguka nayo kichwani na sipati wa kuuliza.

Papa yako,
Byamungu


Walikale, tarehe 3 Mei 2022

Papa yangu,

Nakusalimia kwa heshima yote. Nilikuwaza vibaya, unisamehe.

Nimechukua ile nyeusi. Niligonga kila ubao, haina mchwa. Nilibeba daftari kubwa za masomo, nikazipanga kwa rafu, nikaenda kusimama mulangoni kwa Papa Polycarpe: zinaonekana zote, hata maandiko ya juu. Alitoa vitre zote, akazifunga mu godoro ya zamani, na akachonga ufunguo wa pili. Aliniuliza tunaweka nini mule. Nilimwambia vitabu vya sala. Camion itaifikisha mahali barabara inakatika, kisha watu wataisukuma na chukudu, kile kigari cha mbao.

Lakini Papa, kumupa ufunguo muntu aliyekuita mwizi? Hapo bado sikuelewi.

Mutoto wako,
Sidonie


Nyabiondo, tarehe 12 Juni 2022

Sidonie wetu,

Uwe na amani, na ukae chini kabla ya kusoma.

Kabati ilifika siku ya Ijumaa, wanaume watatu wakiisukuma kwa kilima. Vitre moja ilipasuka kona lakini inashika. Siku ya Jumapili, kisha ibada, niliweka vitabu mbele ya watu na nikamupa Kanyamibwa ufunguo. Alifungua palepale, akatoa kitabu cha pili, akatafuta mwaka wa 1963, baba yake alipobatizwa. Hakuuona. Karatasi mbili zilikuwa zimetolewa, mabaki yake yanaonekana kwenye uzi unaoshona kitabu. Mutoto wangu, sikujua. Miaka makumi mbili na sita nimelala karibu na vitabu hivi, na sikujua. Watu walianza kunung'unika.

Mama yako akasimama. Akasema: “Byamungu hakupasua. Ni mimi.”

Akaeleza yote. Mu pori, siku ya tatu ya mvua, mimi nilikuwa nimeenda kutafuta mihogo. Wewe mwili wote ulikuwa baridi na ulikuwa umeacha kulia. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Kitu kikavu kilikuwa kile tu kilicho mu mufuko ya unga. Alifungua kitabu katikati bila kuangalia, akapasua, akawasha moto. Na hakuniambia hata siku moja.

Kanyamibwa alikuwa bado ameshika kitabu wazi. Kisha akamuuliza mama yako, polepole: “Na mutoto, alipona?”

Mama yako akamujibu: “Njo yeye ametuchagulia kabati.”

Kanyamibwa alirudisha kitabu, akafunga na ufunguo wake, akatoka. Hatukujua kama ni amani ao ni vita. Siku ya Jumatano akarudi na wazee watatu, wakaanza kutaja majina wanayokumbuka ya waliobatizwa mwaka ule, na mimi naandika kwa karatasi mupya. Tumefika kumi na tisa. Kwa mawili mengine hawakubaliani. Kanyamibwa salamu ananipa, chai yangu hajakunywa. Itaisha namna gani, sijui.

Mama yako anauliza kama umekasirika.

Papa yako,
Byamungu


Walikale, tarehe 30 Juni 2022

Papa na Mama,

Leo siulizi habari za maharagwe. Barua niliifungua mu darasa, nikawatuma watoto inje wacheze.

Mama, moto ule siukumbuki. Nimejaribu, sioni kitu, hata moshi. Kukukasirikia, siwezi. Kufurahi pia siwezi, nikiwaza baba ya Kanyamibwa. Niko katikati, sijui niite nini.

Papa, niandikie majina yale kumi na tisa, na yale mawili wanayogombania. Yote, hata kama hayana hakika. Nataka kuyashika kichwani. Vakansi ya masomo ikianza nakuja, na kabla ya kuingia kwetu nitapanda kwa Kanyamibwa, nimusalimie, anione niko muzima.

Mutoto wenu,
Sidonie